Mashine Aliyoitupa Bwana Haraka

Shangazi yangu alipima vyuma miaka kumi na tisa katika karakana ya kuchonga vipuri. Mafundi walimwita Unywele, kwa sababu kipuri kikizidi hata kwa upana wa unywele alikirudisha, awe amekichonga nani. Chombo chake kilikuwa mashine kubwa ya kupimia: meza ya jiwe jeusi, juu yake mkono wa chuma unaoelea kwa hewa, na kwenye ncha ya mkono kijiwe chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Kijiwe kikigusa chuma hapa na pale, kompyuta inasema tundu lina ukubwa gani.

Mwenye karakana aliitwa Bwana Haraka, ila si mbele yake. Siku moja alileta bushi za pampu, vile vipete vya chuma vyenye tundu katikati, zikiwa bado za moto kutoka kwenye mashine ya kukereza.

"Pima, gari linasubiri."

"Zilale mpaka kesho," shangazi akasema. "Tundu la moto limetanuka. Likipoa litabana, na pampu ya mtu itaungua."

"Wewe na hiyo mashine wote mmezeeka. Mnaona makosa yasiyokuwepo."

Aliyasema mbele ya mafundi wote. Wiki ile ile akamfukuza, kwa barua iliyosema vipimo vyake haviaminiki, na habari za barua hiyo zikamtangulia kila alikoomba kazi. Mashine akampa muuza vyuma chakavu.

Nyumbani tulingoja shangazi alie, akatunyima. Alichofanya ni kuchukua jokofu lake na kwenda kubadilishana na yule wa chakavu, ambaye mchana alikuwa akilala juu ya lile jiwe kwa ubaridi wake. Wanaume wanane wakaiingiza mashine sebuleni. Bibi, mama yake shangazi, akalizunguka jiwe mara moja.

"Mwanangu, umenifukia nani humu?"

"Hajafa bado, mama."

"Na maji baridi tutakunywa wapi?"

"Kwa jirani. Mpaka nimtie mtu adabu."

Mkono ulianza kusuasua tangu karakanani, na sasa ulikuwa umekwama kabisa. Karakana nzima iliamini ni uzee. Shangazi alijua si uzee: miaka mitatu Bwana Haraka alikataa kununua chujio la hewa, mafuta ya kompresa yakaziba matundu membamba yanayopuliza hewa chini ya mkono. Aliyazibua moja moja kwa spiriti na uzi wa nailoni, miezi miwili, amenuna. Waya zilizoliwa na panya akaziunga. Barua ya kufukuzwa aliibandika ukutani usawa wa macho. Akichoka, anaisoma, anarudi kazini.

Siku mkono ulipoelea aliusukuma kwa kidole kimoja, ukaenda mpaka mwisho wa jiwe bila sauti. Akamwita mkaguzi wa vipimo mwenye muhuri. Mkaguzi alijaribu mara tatu, akauliza fundi aliyeifufua ni nani.

"Yule ambaye vipimo vyake haviaminiki," shangazi akasema, akamwonyesha ukuta.

Mkaguzi hana kifua, habari zikaenea. Siku ya nne Bwana Haraka akaja mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kochi. Kiwanda cha pampu, mteja wake mkubwa, kilikuwa kimechoka na pampu kuungua. Sasa kilidai kila boksi la bushi lije na karatasi ya vipimo.

"Dada yangu, yaliyopita si ndwele."

"Kwako. Mimi bado naumwa."

"Niuzie mashine. Na kazi yako ipo, na mshahara nitapandisha."

"Na barua? Utaifuta mbele ya mafundi?"

Akajikuna shingo. "Hapo sasa utanivua nguo. Mafundi watanionaje?"

"Nilitaka kusikia tu. Mashine nimeshaiuza."

"Kwa nani?"

"Kwa mteja wako. Wanaibeba Jumatatu, na mimi naenda nayo."

Bibi akamletea maji, ya uvuguvugu, akamwomba radhi kwamba jokofu hatuna.

Shangazi aliwauzia kwa sharti moja: za kwanza kupimwa ziwe bushi za Bwana Haraka zilizokaa stoo ya kiwanda tangu mwezi uliopita, na mwenyewe awepo. Siku ilipofika, mnunuzi wa kiwanda, mama mkavu wa maneno, akafungua boksi la kwanza. Shangazi aligusa tundu mara nane pale ambapo mara nne zingetosha. Namba ikatoka nyekundu: tundu limebana. Ya pili, nyekundu. Ya tatu ilikuwa nzuri, akaiweka kando peke yake kwa heshima zote, mtu asije akasema ameonewa. Kuanzia ya nne hakuna iliyopona.

"Boksi hili linarudi," mnunuzi akasema, akaandika.

Mafundi wawili waliokuja na Bwana Haraka wakatazama viatu vyao. Yeye akamsogelea shangazi, akashusha sauti.

"Umeridhika sasa?"

Shangazi akakifuta kijiwe kwa kitambaa, polepole, upande huu na upande ule.

"Bado," akasema. "Vuta kiti ukae. Yamebaki maboksi kumi na moja."