Maskati Ni Karibu Kuliko Kibiti

Safari hii ilitokana na mama kufunga. Kaka Abdala alipopata kazi Maskati, mama aliweka nadhiri: siku ndege ikipaa ataanza kufunga, na hataacha mpaka mwanawe akanyage chini. Hesabu yake ni ya mtumbwi. Kama kutoka kwetu Delta hadi Dar es Salaam ni siku tatu, basi Maskati haipungui mwezi. Na mama ana vidonda vya tumbo, hospitali ya Mchukwi walishamkataza kukaa na njaa. Ikabidi niende Kibiti kuuliza huko ni mbali kiasi gani. Sifichi, moyoni nilifurahi, maana tangu utoto nikisikia ndege huacha jembe nikaitazama.

Alhamisi, saa mbili asubuhi. Kaka alikuwa apae saa tatu. Mjomba akanipakia mtumbwini, tukashika njia ya mikokoni huku akinicheka kwamba naenda kupima mbingu. Kabla ya adhuhuri maji yakatoka, mtumbwi ukakaa kwenye tope. Tukala mihogo, tukaliwa na mbu, mpaka jioni maji yalipojaa.

Nyamisati nililala kwa jamaa za mjomba. Asubuhi nikapata lori la mkaa, likazama mchangani mara mbili, tukashuka kusukuma.

Kibiti nilifika watu wanatoka sala ya Ijumaa. Nikamwendea Bwana Mkumba, muuza redio, ambaye tangu biashara iwe ruksa hupanda ndege kufuata mali Uarabuni. Alinicheka kwanza. Aliposikia habari ya vidonda akanivutia kiti. Akasema ni kama kilomita elfu nne, na ndege isiyotua njiani haizidi saa sita.

"Saa sita ndiyo inafika wapi?" nikauliza.

"Inafika Maskati, kijana wa Delta. Jana saa tisa kaka yako alikuwa ameshashuka. Wewe saa tisa ulikuwa wapi?"

"Kwenye tope."

Jumapili ndiyo nikafika nyumbani. Mama alikuwa amelala ubavu, midomo imemkauka. Kilomita hazikumwingia hata kidogo, akasema namdanganya ili ale. Nikakaa chini kando ya kitanda chake, nikafikiri.

"Mama, alfajiri ya Alhamisi kaka aliswali Dar es Salaam. Alasiri ikamkuta Maskati. Ni adhuhuri tu iliyompitia angani."

Akahesabu kwa vidole, akarudia tena. Halafu akaomba uji.

Alipofika nusu bakuli akasema, "Kumbe ni karibu hivyo. Basi sikukuu ya Idi Abdala atakuja ale hapa."

Mimi nilidhani nimekwenda kumletea mama saa sita, kumbe nimemletea na kungoja. Nikamwambia inshallah, nikamwongezea uji. Tangu siku hiyo ndege ikipita juu ya mikoko siitazami peke yangu tena, tunatoka wawili.