Wimbo wa Mafua

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilianza kwa chafya. Nilikuwa nyuma ya pazia la duka la ami yangu, mjini Malindi, nikipangusa vumbi kwenye makasha ya kanda, nikasikia mwanamke akipiga chafya huko mbele. "Afya!" nikasema, kama nilivyolelewa. Hakunijibu. Alicheka tu, na wanaume wawili watatu wakacheka naye, kisha mmoja akahesabu hadi nne na gitaa likaanza. Nilipofungua pazia sikuona mwanamke wala gitaa. Alikuwapo Ami Swaleh peke yake, bisibisi mkononi, ameinamia redio ya mteja.

"Umemtakia afya nani?" akaniuliza.

"Huyo aliyepiga chafya."

"Basi imemfikia kwa kuchelewa. Hiyo ni kanda, Zuhura."

Nyinyi leo mkitaka wimbo mpya mnatelezesha kidole kwenye simu. Usidhani nawasema vibaya. Mjukuu wangu Salma hunitumia nyimbo kila Ijumaa, za vijana wanaojirekodia chumbani bila kampuni wala meneja, muziki ambao wenyewe mnauita indipop, nami huzisikiliza hapa mtaani Barani nikikuna nazi. Yuko kijana mmoja wa Junju ambaye kwenye wimbo wake wa pili jogoo wa jirani anasikika akiwika. Hakumfuta. Huo ndio nilioupenda kuliko zote.

Sisi pia tulikuwa na Ijumaa zetu. Gari la Mombasa lilileta kanda mpya, nasi tukazitolea nakala dukani kwa ami kwa mashine yake ya vitundu viwili, kimoja cha kusoma kanda na kimoja cha kurekodi. Vijana wa mjini walijazana mbele ya spika ya nje kusikia kilichokuja. Mimi nilipenda zaidi zile ambazo hakuna aliyeziulizia: bendi ndogo zilizotoa kanda moja zikapotea, majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino, nyimbo zinazoanza mtu akiwa bado anavuta kiti. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane, na niliamini kwamba ninachokiokota ni changu.

Redio ile aliyoinamia ami ilitoka Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi. Mwenyewe aliinunua kuukuu, na kanda alikuwa ameikuta imekwama ndani. Ami alipoitoa tulisoma juu yake maneno mawili: Chumvi Mpya. Yeye aliwajua. Walikuwa wafanyakazi wa chumvi, wengine Wagiriama, wengine watu wa bara, na mwimbaji wao msichana wa Mambrui, Rukia. Walijirekodia katika nyumba ya kupanga, wakatundika magodoro ukutani ili mwangwi usiwasumbue. Walitoa kanda chache, wakagawia marafiki. Kazi ilipokwisha kila mmoja akashika njia yake.

Tuliisikiliza pande zote mbili. Nyimbo zilikuwa nzuri, lakini huo wa chafya, wa mwisho upande wa kwanza, ulinishika. Ulimhusu mtu aliyenyeshewa, amesimama nje ya nyumba ya mpenzi wake, anaomba afunguliwe. Rukia alikuwa na mafua, na alipofika mahali pa kupanda juu, sauti ilikatika. Ilichanika kidogo kama kitambaa kilichonaswa na msumari, kisha ikarudi. Nilimwomba ami aurudishe. Akaurudisha mara moja, akakataa ya pili.

"Utepe umeota ukungu," akasema. "Hautavumilia."

"Basi tuutolee nakala sasa hivi. Ijumaa niupige kwenye spika ya nje. Ami, hakuna mtu mji huu aliye na wimbo kama huu!"

Ami Swaleh alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo aliyatumia kugombana na redio. Akalowesha pamba kwa spiriti, akasafisha kichwa cha mashine, hakuniangalia.

"Umemwomba?"

"Nani?"

"Mwenye sauti. Rukia yu hai. Ameolewa, yuko kwao Mambrui, si mbali. Wewe unataka kumsimamisha barabarani aimbie watu na hujampigia hodi."

"Na asipokubali?"

"Basi hakukubali."

"Na utepe ukiharibika?"

"Utaharibika."

Nilinuna siku nzima. Lakini duka lilikuwa lake, na kesho yake nikaenda Mambrui.

Nyumba nilionyeshwa, nilipowaeleza watu habari ya kanda. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukukomewa, na ndani nilisikia mchele ukipepetwa kwenye ungo. Nikapiga hodi. Ungo ukanyamaza. Nikapiga ya pili. Kimya. Unajua ada yetu: hodi ni tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka, hata kama unamsikia mtu akikohoa, kwa sababu aliye ndani ana haki ya kutokuwapo. Nikapiga ya tatu, nikageuka. Sijafika mbali nikausikia ungo ukianza tena, na juu ya ungo mtu akivuma kwa pua wimbo ule ule wa mvua.

Nilikaribia kurudi nisukume mlango. Nilimwambia ami hivyo nilipofika dukani.

"Ulipiga ngapi?"

"Tatu."

"Basi umerudi vizuri."

Akaenda kuswali alasiri, akaniacha peke yangu na mashine ya vitundu viwili, kanda ya Chumvi Mpya na kanda tupu. Ilikuwa kazi ya kubonyeza vidude viwili. Nani angejua? Nilizitia zote mbili, vidole vikawa juu ya vidude. Ningependa kukwambia kwamba nilizuiwa na ucha Mungu, lakini kilichonizuia ni ile chafya. Nilikuwa nimeshamtakia yule mwanamke afya. Ni vigumu kumwibia mtu uliyekwisha kumtakia afya. Nikazitoa.

Niliporudi Mambrui juma lililofuata nilibeba redio ndogo ya betri, kanda ikiwa ndani yake. Jirani wa Bi Rukia alikuwa amekaa barazani kwake akisuka ukili wa mkeka. Alinitazama tangu nilipotokea pembeni.

"Wewe ndiwe msichana wa kanda?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Rukia hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Hajakwenda popote. Ameniambia nikwambie hayupo."

"Amekwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe! Amesimama hapo ulipo, akaniambia, 'Akija, mimi sipo.' Sasa mimi nifanye nini? Nimekwambia."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na yeye akacheka mpaka ukili ukamponyoka. Ndani ya nyumba nako nikasikia kicheko, kile kile cha kwenye kanda, ila kimekuwa kizito kidogo.

"Haya, karibu," sauti ikasema. "Uongo hauwezi kutunzwa na jirani kama huyu."

Bi Rukia alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, leso mabegani, ungo mapajani. Nilimwamkia, akaitikia. Tukaulizana hali za watu wote tuliowajua na wengine tusiowajua. Alipoona nimetulia, akaashiria redio kwa kidevu.

"Washa."

Alisikiliza akipepeta. Nyimbo mbili za kwanza alitabasamu, akanitajia wapigaji wake mmoja mmoja: huyu alipenda kukimbiza mdundo, huyu alikuwa akila hata gitaa likipigwa. Ikaja chafya. Mkono ukasimama.

"Zima hapo."

Nikazima.

"Umeshausikia huu?"

"Nimeusikia, Bi. Ndio nilioupenda kuliko zote. Pale sauti inapokatika..."

"Pale," akasema, na hakuwa akicheka tena. "Mimi niliwaambia tungoje nipone. Wakasema nyumba ni ya kupanga, godoro moja ni la kuazima. Nikaimba. Unajua Mambrui waliniitaje? Bi Mafua. Watoto walibana pua nikipita, wakaimba. Harusini kwangu walibana pua. Imechukua miaka watu wasahau, na nina binti sasa anayekwenda kisimani na wenzake. Nawe unataka kuupiga kwa spika."

Nilikuwa nimeipenda sauti ile kwa sababu ilichanika, na haikunijia akilini kwamba mwenyewe ndiye aliyechanika.

"Hizo nyingine chukua," akasema. "Tolea nakala, wape watu, wataje wale vijana kwa majina. Huu ufute. Hapa hapa, nikiona."

Mwanangu, sitakudanganya kwamba haikuniuma. Ilikuwa kanda pekee niliyowahi kuiona. Lakini nilikuwa nimekuja kuomba, na aliyekuja kuomba anapokea jibu lolote. Nikaziba tundu la juu ya kanda kwa kipande cha karatasi ili ikubali kurekodiwa.

"Redio hii ina kipaza sauti chake," nikamwambia. "Haiwezi kufuta bila kushika sauti za humu ndani."

"Ishike. Kuna nini humu? Kuku na mchele."

"Na chafya, Bi? Nayo niifute?"

Akafikiri. "Chafya niachie. Chafya ilitoka kwa Mungu. Hiyo nyingine ndiyo iliyotoka kwangu."

Nikaurudisha utepe nyuma kidogo, nikaiacha chafya ipite, kicheko kikapita, yule kijana akahesabu hadi nne, na kabla gitaa halijaanza nikabonyeza vidude viwili. Taa nyekundu ikawaka. Ungo ukaanza kupepeta, fyu, fyu, fyu, na kuku akapita akilalamika. Kisha Bi Rukia, macho yamo kwenye mchele, akaanza kuvuma. Nikamtazama, nikaitazama taa. Aliiona taa vizuri kuliko mimi. Akafungua kinywa, akauimba wimbo wote tangu mwanzo, taratibu, ungo ukiwa ndio ngoma yake, na alipofika pale pa kupanda juu akapanda, akakaa huko, akashuka alipotaka.

"Haya," akasema alipomaliza. "Huo wape. Huo ndio wimbo."

Tangu siku ile sikuwahi kuusikia tena ule uliochanika. Nao, kwa nijuavyo, haupo popote isipokuwa kichwani mwangu, na nikifa utakwenda nami. Nimeshaukubali mpango huo.

Mwaka huu Salma aliikuta kanda sandukuni mwangu, akataka kuipandisha mtandaoni jioni ile ile. Macho yalimwaka kama yangu ya wakati ule. Nikampa neno nililopewa na ami, maana ruhusa yangu ilikuwa ya nakala za dukani tu: Bi Rukia amezeeka lakini yu hai, na mlango haukuhama. Akanuna, kisha akaenda. Alirudi na ruhusa, na bakuli la kaimati aliloambiwa asilifungue njiani. Alikuwa amelifungua.

Kwa hiyo nasaha yangu kwako ni hii. Tafuta nyimbo mpya za watu ambao bado hakuna anayewajua, na zile za zamani zilizosahauliwa; ni kazi njema, na anayeifanya anawaongezea watu maisha. Lakini ukipata sauti ya mtu, jua bado hujampata mtu. Mtafute. Piga hodi tatu, na usipojibiwa, rudi siku nyingine na moyo mweupe. Akikukatalia, ondoka vizuri. Kile unachokiona wewe kuwa ndicho kitamu, huenda yeye amekilipia kwa machozi, na ni yeye wa kusema kisikike au kisisikike. Usimwibie. Mwenye wimbo akiheshimiwa, anao mwingine ndani.

Mungu akuzidishie usikivu, mwanangu, akukutanishe na sauti ulizokuwa ukizihitaji bila kujua, na kila unapobisha akujaalie wenyeji wenye kicheko.

Kanda yenyewe sasa unaweza kuisikia kwenye simu yako. Ukifika kwenye wimbo ule, usiuzime Bi Rukia anapomaliza kuimba. Nilikuwa nimesahau kubonyeza kidude cha kusimamisha, nikanyanyua redio taa yake ikiwa bado nyekundu. Utanisikia nikiaga, utamsikia akinijibu, "Nenda salama, na umsalimu Swaleh," halafu viatu vyangu kizingitini, na mlango ukifungwa taratibu nyuma yangu.