Moto wa Makuti Chini ya Boti Jeupe

Pazi alizaliwa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, katika nyumba ya mafundi wa vyombo, na jambo la kwanza alilofundishwa na baba yake halikuwa kuogelea bali kuchoma. Kila bamvua, maji yakishakupwa na chombo kikalala ubavu mchangani, makuti makavu yaliwashwa na moto ukapitishwa tumboni mwa chombo taratibu, kama mkono wa mkandaji. Wadudu walao mbao walikufa, unyevu ukatoka. Kisha kilipakwa deheni, chokaa iliyokandwa kwa mafuta ya papa, na maji yakijaa kikaelea. Mashua ya baba yake iliishi hivyo miaka mingi kuliko watu wengi waliozaliwa nayo mwaka mmoja.

Mashua hiyo iliteketea mwaka wa vita, tulipokimbia mji. Tuliporudi hakukuwa na fundi wa kuunda nyingine. Waliojua walifia kambini, na watoto wao wanauza vocha za simu. Badala yake mradi mmoja ukaleta maboti meupe ya fibra, ile plastiki ngumu ya nyuzi, na Pazi akapewa moja. Kijana aliyeyaleta, Gildo, alikaa pwani muda wa kumaliza soda.

"Papá Pazi, hili halina kazi," alisema. "Unaliosha tu. Não apodrece, haliozi."

"Na moto?"

"Moto wa nini?" Gildo akacheka, akapanda gari.

Hiyo ndiyo elimu yote aliyopewa. Zamani mtu hakukukabidhi chombo bila kukaa nawe angalau bamvua moja.

Basi Pazi akalitunza boti kwa adabu aliyoijua. Aliona fibra ni laini kuliko mbao, akapunguza moto: makuti machache, ameyashika kwa mbali, hata rangi haikubabuka. Kisha maji yakaja kulipoza tumbo likingali moto. Bamvua baada ya bamvua. Watu walimsifu, maana wenzake waliyaacha yao yaote ukijani.

Mkewe Atija ndiye aliyemtania. "Baba Nazira, leo mke mwenzangu umemkanda tena? Mimi mgongo unaniuma tangu mfungo, hata mafuta ya nazi sijayaona."

"Wewe huozi."

"Nani kakwambia? Gildo?"

Pazi alicheka, akagonga tumbo la boti kwa kifundo cha kidole. "Sikia, mama Nazira. Siku hizi linalia kama ngoma. Limekauka vizuri."

Kwa mbao angesema kweli. Mbao iliyolowa hunyamaza, iliyokauka hulia. Lakini boti la namna ile si kitu kimoja. Ni ganda jembamba la fibra nje, ganda jingine ndani, na katikati povu gumu jepesi, vyote vimeshikwa kwa gundi. Nguvu yake yote imo katika kushikana huko. Joto likija, ganda hutanuka kwa kiasi chake na povu kwa kiasi chake. Baridi ikija, kila kimoja hujikunja kivyake. Mara moja haidhuru. Ikirudiwa, gundi huchoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, mpaka ganda linaachana na povu huku kwa nje boti linang'aa. Jua na maji peke yake vingechukua miaka mingi. Makuti yalifupisha safari. Ule mlio wa ngoma ulikuwa uwazi.

Nazira, binti yao aliyeolewa kisiwani Vamizi, akajifungua. Atija alifunga mchele na nguo za mtoto, wakaondoka asubuhi, bahari ina mawimbi mafupi yanayopiga chini ya boti bila kupumzika.

"Baba Nazira, sakafu inapumua," Atija alisema walipovuka mwamba.

"Kaa katikati."

"Nimekaa katikati. Inapumua hapo hapo."

Pazi alipunguza mota, amechelewa. Ganda la chini lilichanika upande wa mbele, maji yakapenya kati yake na povu, boti likapinduka. Povu lilielea, Pazi akaling'ang'ania. Upande wa pili Atija alishika ganda lililokuwa likining'inia.

"Shika hapo hapo, usiachie!" Pazi alipiga kelele.

Hakuachia. Ganda likabanduka lote, mkondo ukaondoka nalo na yeye.

Pazi aliokolewa na wavuvi wa Vamizi. Atija alipatikana siku ya pili, na kile kilichobaki cha boti kikavutwa mchangani. Germano, anayeziba maboti ya fibra Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, alipokuja kulitazama alibandua ganda la ubavuni kwa vidole, kama mtu anayemenya yai. Yeye ndiye aliyenieleza habari ya gundi. Mengine nimejisomea mwenyewe.

Walimzika Atija huko huko Vamizi. Mbao za viunza hazikupatikana, wakapasua mashua kuukuu iliyotelekezwa nyuma ya nyumba, nyeusi kwa mioto ya zamani. Kabla hazijashushwa kaburini kumfunika mkewe, Pazi aliomba wasubiri. Akapiga magoti, akagonga ubao mmoja mmoja, sikio karibu, akisikiliza. Hakuna aliyemharakisha. Zote zililia kama ngoma. Akazikataa zote.