Mbegu Saba za Peoni Mwitu

Mkaza mwanangu Yinhua akishaamua jambo, hata punda wetu humpisha njia. Alipoolewa kwetu alikuwa mwembamba kama kijiti cha kuchokolea jiko, nikasema upepo wa hapa mkoani Gansu utambeba. Upepo umemshindwa. Na mimi pia.

Peoni za mwituni, miti mifupi yenye maua makubwa, zilijaa mlimani kwetu hadi walipokuja wachimba dawa na sururu zao. Wale wanataka gome la mzizi tu, ua hawana habari nalo. Walichimba mpaka ukabaki mti mmoja, juu ya jabali ambalo mbuzi halipandi kabla ya kuwaaga wenzake. Yinhua akalipanda. Akarudi na magoti yamechubuka na mbegu saba mfukoni. Wiki haikupita, mti ule nao ukang'olewa. Mlima mzima ukawa umebaki mfukoni mwa mwanamke mmoja.

Naye akazipanda wapi? Kwenye tuta langu la vitunguu saumu!

Theluji ikayeyuka, mipichi ikachanua hadi ikazaa, tuta likabaki kipara kama marehemu mume wangu.

"Mwanangu, umepanda changarawe," nikamwambia.

"Ngoja kidogo, Mama."

"Ningoje nini? Mumeo nilimbeba tumboni muda mfupi kuliko huu!"

"Ndiyo maana hajaiva," akasema, huku anakata tambi.

Majani yalipoanza kupukutika, nikaona basi, nikachukua jembe. Nilipiga mara moja tu. Yinhua akatoka mbio, mikono imejaa unga, akaokota kitu udongoni. Ilikuwa mbegu iliyopasuka, na mzizi wake mweupe, mrefu kama kijiti cha kulia, nimeukata katikati.

"Huanzia chini, Mama. Jani ni mwakani," akasema polepole. "Sasa zimebaki sita."

Heri angenitukana. Nilijifungia ndani siku tatu. Majirani wakadhani nimekufa, wakaja na mikate ya mvuke ya matanga. Tangu hapo tuta lile nikalilinda mwenyewe. Kuku walijifunza kuzunguka kupitia kijiji cha pili, na melesi mmoja, mnyama yule mchimba mashimo, nilimpiga kandambili mpaka akahama wilaya.

Mwaka uliofuata vikachomoza vichipukizi sita, vyekundu kama vidole vya mtoto aliyetoka kuoga. Tukangoja tena miaka mitano. Kisha asubuhi moja Yinhua akapiga ukelele, nikatoka na kiatu kimoja. Ua jeupe, pana kama bakuli la tambi, na doa la zambarau iliyokoza ndani kabisa. Kijiji kizima kilihamia uani kwetu. Nilisimama langoni nikiwaambia wote kwamba subira ile ilikuwa shauri langu. Yinhua alisikia, akaniacha nijisifu.

Vuli ile akaja mchimba dawa mmoja, anataka mizizi.

"Mizizi sina," Yinhua akamwambia. "Mbegu hizi hapa, ishirini, chukua bure. Kazirudishe mlikozitoa."

Yule bwana akaitua sururu yake. Akazifunga kwenye leso, akapanda nazo mlima taratibu, kama aliyebeba mayai.