Pafu la Kulia la Kaka

Kaka yangu alikuwa mtu wa mbio. Alizeti yake hapa Mtinko ilizidi ya wote, ingawa kwa mbegu alikuwa mchoyo, nalisema hata kama amekufa. Mguu ulipomvimba, akawa hafiki mlangoni bila kuhema kama mbwa. Nikampeleka hospitali kubwa.

Wakamsimamisha, kifua kwenye ubao. "Vuta pumzi, mzee. Toa. Bana." Eksirei ya siku hizi haitulii kama picha ya kitambulisho, inatembea, unaliona pafu likijaa na kunywea. Daktari akatuonyesha kwenye kioo: pafu la kushoto damu inapita, la kulia giza. Bonge la damu limepanda kutoka mguuni, limeziba njia. Akatupa vidonge vya kuzuia damu isigande, akaonya visirukwe.

Nyumbani, dada yetu mkubwa, aliyetulea sote kwa mkono mzito, akauliza wameona nini. Nikasema damu haifiki pafuni.

"Haifiki kwa sababu haipo. Na hivi vidonge?"

"Vinaifanya damu iwe nyepesi, dada."

"Mtu kaishiwa damu, nyie mnamtia maji. Darasa la pili lako hilo, hata kusikiliza hawakukufundisha?"

Akavitupa chooni. Kwetu aliyepungukiwa damu hunyweshwa ya dume: ng'ombe hupigwa mshale shingoni, damu ikakingwa kibuyuni, ikachanganywa na maziwa. Hata mimi nilinyweshwa nilipopigwa pembe na fahali, nikapona, kwa hiyo ubishi wangu haukufika mbali. Nikarudi mjini kutafuta vidonge vingine.

Niliporudi navyo, kaka alikuwa ameegemezwa ukutani, midomo imekuwa ya zambarau, damu imemkaukia kidevuni. Dada kamshikia kibuyu.

"Kunywa, acha deko. Mtu mzima kama mtoto wa kuachishwa ziwa."

"Dada, niache niheme kwanza."

"Utahema ukimaliza."

Nikasema, "Dada, mwache." Hakugeuka. Kaka akanywa, maana tangu utoto hakuwahi kumkatalia dada huyu kitu. Hakumaliza. Kichwa kilianguka upande, maziwa na damu vikamtiririka kifuani, naye dada akaendelea kuinua kibuyu mpaka nilipomshika mkono.

Msibani akawaambia watu ile mashine ya hospitali ndiyo ilimnyonya damu. Wengi wakaitikia. Dume lilichinjwa, nyama ngumu, na dada mwenyewe akanipakulia, akanikemea mbona sili.