Neno la Kumwambia Bibi

Juzi nilimsindikiza binti yangu hospitali, pale Biharamulo. Daktari akamwambia atafanyiwa operesheni. Akaitikia, akaendelea kuchezea simu yake. Mimi ndiye niliyekaa, nikasimama, nikakaa tena. Amepona, namshukuru Mungu. Lakini neno hilo, rafiki yangu, kwetu halikuwa jepesi hivyo.

Wakati wa vita nilikuwa msichana wa darasa la nne, Nyamigogo, katika nyumba za kijiji cha ujamaa zilizopangwa mstari. Baba alikuwa vitani. Kila lori la jeshi liliponguruma, mama alitoka mlangoni na tumbo lake kubwa, mwiko mkononi, kisha akarudi kwenye maharage yaliyokwisha kuungua.

Uchungu ulimshika asubuhi, ukakataa kuisha. Kesho yake majirani walimbeba kwa machela hadi barabarani, lori la pamba likatupakia. Bibi, mama yake baba, alimshika mguu njia nzima.

Hospitali, nesi alitoka chumbani haraka.

"Shikamoo, bibi. Mtoto amekaa vibaya. Lazima mama apasuliwe. Mnakubali?"

Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Akanigeukia. "Anasemaje?"

Nyumbani tulizungumza Kihangaza, na neno nililolijua la kupasua mwili lilikuwa kubaga, lile lile la mbuzi anapochinjwa na kuchunwa. Nikalisema hilo.

"Wamchinje mkamwana wangu?" Bibi alianza kukusanya kanga za mama. "Mwanangu akirudi nitamwambia nini?"

"Mwambie vizuri, mwanangu," nesi alinihimiza. "Hakuna muda."

Nilizunguka pale pale kama kuku aliyefungwa mguu. Kisha nikavuta kola ya gauni, nikamwonyesha bibi chale alizonichanja mwenyewe kifuani kwa wembe, nilipougua kichomi.

"Bibi, watamchanja hivi, ila kwa kina zaidi. Wamtoe mtoto, halafu wamshone."

Akazigusa zile alama. "Watamshona kweli?"

"Watamshona."

"Na maumivu?"

Nikamuuliza nesi. Akasema atalazwa usingizi, hatasikia kitu.

"Basi wamchanje. Upesi!"

Tulitembea barazani, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka tukasikia kilio cha kichanga. Mama alipozinduka aliomba uji.

Baba alirudi tukiwa tunavuna maharage. Njiani watu walishamwambia mkewe alibagwa. Akaingia uani mbio, uso umesawijika. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Walimfungua, wakamtoa mwanao, wakamfunga. Ingia umwone."

Siku hizi mama na bibi hawapo, na mahali pa zile nyumba za mstari pamelimwa mihogo. Wanangu hawakijui Kihangaza. Mdogo wangu tu, yule aliyetolewa siku ile, ndiye ninayezungumza naye Kihangaza kwa simu, naye hujibu kwa Kiswahili. Maneno mengine ya bibi nimeanza kuyasahau, na sina tena wa kumuuliza.