Trei za Mayai Ukutani

Protasi wa Nyamiaga alikuwa na studio, kama kile chumba cha uani unaweza kukiita studio: matofali, bati juu, na trei za mayai zimebandikwa ukuta mzima. Trei alizikusanya kwa wauza chipsi wa Ngara mjini, hadi wakamtania kwamba anafuga kuku wa umeme. Aliambiwa zinaua mwangwi. Na nani? Na kila mtu, maana jambo la uongo halikosi mashahidi.

Kila wimbo aliorekodi na kuchanganya sauti zake ulikuwa mtamu mle ndani, ukipigwa nje unatoka mwembamba, besi hakuna. Kwaya zikaanza kumkimbia. Protasi akalaumu spika, akalaumu waya, akalaumu umeme. Trei hakuzigusa.

Mwaka jana alimrekodi shangazi yake Agripina, aliyemlea tangu utotoni. Mama huyo ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kigangoni tangu usichana wake, na hakuna aliyewahi kuihifadhi sauti yake.

"Imba tu, shangazi. Nitairekebisha baadaye," Protasi alimwambia.

Aliimba mara moja, akasema kifua kinambana. Mwezi haukuisha wakamzika.

Sasa misa ya kumbukumbu imekaribia, na Eustakia, binti wa marehemu aliyeolewa Keza, anataka wimbo ule upigwe kanisani. Wiki hiyohiyo ghala lake likavuja, akaja na magunia ya maharage kwenye pikipiki, safari baada ya safari.

"Kaka, nisaidie, yataota."

Protasi alinung'unika weee, lakini akayapanga kwenye kona zote za studio mpaka karibu na bati. Kisha akawasha spika, akabaki ameduwaa. Ule mngurumo aliokuwa akidhani ni besi ya wimbo, akiupunguza miaka yote mpaka nyimbo zikakosa besi huko nje, haukuwapo. Kumbe ulikuwa wa chumba, umejibanza kwenye kona, na magunia yameumeza. Trei zilikuwa zinafuta sauti nyembamba tu. Alifungua nyimbo zake za zamani na kila moja akasikia pale alipoikosea. Zile zingetengenezeka. Alifurahi mno, akaufungua wimbo wa shangazi.

Loo, afadhali asingesikia. Sauti ya Agripina ilikuwa ndani ya mngurumo uleule, kama mtu anayeimba kwenye pipa. Na huu magunia hayakuweza kuumeza, maana uliingia kwenye maiki siku ileile, pamoja na pumzi yake. Akiupunguza, shangazi anapungua. Akimpandisha shangazi, chumba kinapanda naye. Alihangaika siku tatu, mwisho akakubali kwamba haiwezekani.

Eustakia alipokuja alisikiliza akiwa amekaa juu ya gunia.

"Mbona mama yuko mbali hivyo?"

"Ni chumba, dada. Sasa nimekirekebisha, lakini yeye alirekodiwa kabla."

"Ulimwambia utairekebisha. Nilikuwa hapo mlangoni, nilisikia."

Protasi aliinama. Akazima spika kwa aibu.

Siku ya misa rekodi haikupigwa; kwaya iliuimba wimbo yenyewe. Kesho yake Eustakia alikuja kuchukua maharage, maana paa lilikuwa limezibwa. Protasi alimsaidia kubeba gunia moja moja, mpaka zikabaki kona tupu na trei zake ukutani.